Zohali, gari langu la Spring Hill

Mzee aliyeniuzia gari alitaka dola 1,900. Shemeji yangu, aliyenisindikiza, alilizunguka gari mara mbili, akapiga magoti kuchungulia chini, akafungua boneti, akavuta kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Alipomaliza akajipangusa mikono na kutaja bei yake: 1,300. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu Tanga bei ya kwanza ni salamu tu, mazungumzo yenyewe huanza baada ya hapo.

Mzee hakukasirika. Alisema amefanya kazi kiwanda cha magari ya Saturn, pale Spring Hill, miaka kumi na sita, na magari waliyounda pale hayakuuzwa kwa kuvutana. Bei iliyoandikwa ndiyo bei. Yeye ameandika 1,900 baada ya kutoa kasoro zote anazozijua: mkwaruzo wa bampa la nyuma, spika moja isiyolia, tairi mbili zinazokaribia kuisha. Kama hatuiwezi, basi tunywe kahawa turudi salama.

Tulikunywa kahawa, nikalipa 1,900.

Hiyo ilikuwa Novemba 2006, nje kidogo ya mji wa Columbia, jimbo la Tennessee, Marekani. Gari lilikuwa Saturn SL2 ya mwaka 1998, rangi ya kijani iliyokolea, gia ya mkono, maili 96,000. Nilikuwa nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee upande wa kusini wa Nashville, na hadi siku ile nilikuwa naomba lifti kwa watu. Anayejua kuomba lifti saa tano za usiku wakati wa baridi anajua nilivyojisikia nilipoingia barabarani na funguo zangu mwenyewe.

Sayari ya Saturn kwa Kiswahili ni Zohali, kwa hiyo gari nikaliita Zohali. Bibi yangu wa Pangani alipopata habari kwa simu hakufurahia jina, maana kwa wapiga falaki Zohali ni nyota nzito. Akasoma dua kwenye simu, nami nikaitikia amina.

Naandika haya kwa sababu kila mgeni wetu anayefika huku na kuuliza anunue gari gani anaambiwa Toyota au Honda, na ushauri huo ni mzuri. Lakini kulikuwa na gari la Kimarekani lililopendwa na wenye nalo kwa namna ambayo sijaiona kwa gari lingine, na leo hata waliolipita barabarani mara elfu hawakumbuki jina lake. Wengi husema Saturn ilikufa kwa sababu haikuwa nzuri. Mimi nimeendesha moja miaka mingi, nimekaa na watu walioiunda, na siamini hivyo. Saturn haikukosa wapenzi. Ilikosa mzazi wa kuilisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari madogo ya Kijapani yalikuwa yameishika Marekani. General Motors (GM) ilikuwa kubwa kuliko kampuni zote za magari duniani, lakini gari dogo la kumridhisha mnunuzi lilikuwa linaishinda. Mwaka 1983 mwenyekiti wake, Roger Smith, alitangaza kwamba wataanza upya: gari jipya, kiwanda kipya, namna mpya ya kuuza. Januari 1985 Saturn ikaandikishwa kama kampuni yenye jina lake chini ya GM. Jina lilitokana na roketi zilizowapeleka Wamarekani mwezini. Majimbo mengi yaligombea kiwanda hicho, na mwaka huohuo kikapewa Spring Hill, mji mdogo wa mashamba na farasi, mwendo wa kilomita 50 na kitu kusini ya Nashville.

Mzee wangu alitoka Michigan. Nasema mzee wangu kwa sababu baada ya mauziano yale hatukuachana. Nilikuwa nampitia Jumapili, na baada ya muda alijifunza kuitika "marahaba" kila nilipompa shikamoo. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi huko kaskazini kilikuwa kimepunguza watu, na Saturn ilikuwa ikichukua wafanyakazi wake kutoka kwa wanachama wa chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, waliokuwa kwenye viwanda vya GM. Masharti yake yalikuwa mazito. Ukihamia Spring Hill unaacha haki yako ya kurudi ulikotoka. Unahamisha mke na watoto, unauza nyumba, unaingia kwenye mji usio na ndugu, kwa ajili ya gari ambalo halijawahi kuuzwa hata moja. Alipokuwa akinisimulia niliona sura za watu wetu wengi. Naye alikuwa mhamiaji ndani ya nchi yake.

Walichokikuta kule hakikuwa kimezoeleka kwenye viwanda vya GM. Mkataba wao na UAW ulikuwa wa peke yake, umetengwa na ule wa nchi nzima. Walilipwa mshahara badala ya kulipwa kwa saa, na sehemu ya mshahara iliwekwa rehani: malengo ya ubora na mafunzo yasipofikiwa, haitoki. Kazi ilifanywa na vikundi vidogo, na kikundi chenyewe kiliamua nani ajiunge nacho, nani afanye nini, vifaa vinunuliwe vipi. Maamuzi makubwa yalipitia kwa viongozi wa kampuni na wa chama wakikaa meza moja. Wapo pande zote mbili waliochukia utaratibu huo. Ndani ya UAW kulikuwa na waliouona ni kuuza haki za wafanyakazi, na ndani ya GM kulikuwa na waliouona ni kumpa mfanyakazi kiti kisicho chake. Mzee yeye alisema neno moja ambalo sijalisahau: kwamba kabla ya Spring Hill alikuwa amefunga boliti miaka mingi bila mtu kumuuliza boliti hiyo ingefungwaje vizuri zaidi.

Gari la kwanza lilitoka kwenye mstari Julai 30, 1990. Roger Smith mwenyewe aliliendesha, pembeni yake akiwa amekaa Owen Bieber, rais wa UAW. Smith alikuwa anastaafu siku hizohizo.

Sasa niseme kuhusu gari lenyewe, maana hapa ndipo shemeji yangu na mimi huwa hatunyamazi. Yeye alikuwa fundi Tanga kabla ya kuhamia huku, na mkono wake umenyoosha bodi za magari kwa nyundo na puti kuliko anavyoweza kuhesabu. Siku ya kwanza aligonga mlango wa Zohali kwa kifundo cha kidole akashtuka, haukulia kama bati. Milango, fenda na maganda ya ubavuni ya Saturn za mwanzo ni plastiki. Boneti, paa na mfuniko wa buti ni chuma. Chini ya hayo yote kuna kiunzi cha chuma kinachobeba uzito na kuwakinga watu, na maganda yale yamefungwa juu yake kwa boliti. Ukitazama kwa karibu utaona nafasi kati ya ganda na ganda ni pana kidogo kuliko kwenye magari mengine. Watu walidhani ni uundaji wa ovyo, kumbe plastiki hutanuka jua likiwaka na kusinyaa baridi ikiingia, na lazima iachiwe pa kwenda.

Siku moja nilitoka dukani nikaona toroli la ununuzi likiteremka lenyewe kwenye mteremko wa maegesho, limejaa, likielekea gari langu. Nilikimbia, sikuliwahi. Lilipiga mlango wa dereva, mlango ukabonyea ndani kama tumbo, halafu, taratibu kabisa, ukarudi. Nikapitisha kiganja. Palikuwa na alama nyeupe ya mpira, nikaifuta kwa mate na kitambaa ikatoka. Nilimpigia shemeji nikiwa palepale.

Injini nayo iliumbwa kwa njia iliyokuwa bado ngeni kwa magari ya bei hiyo. Unaunda sampuli ya injini kwa povu jepesi, lile linalofungia televisheni mpya kwenye boksi. Unaifukia kwenye mchanga, unamimina alumini iliyoyeyuka, povu linatoweka kwa joto na alumini inachukua umbo lake. Kazi hiyo ilifanyika palepale Spring Hill. Injini yangu ilikuwa ya lita 1.9 yenye kamshafti mbili na nguvu za farasi 124, na badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda ilikuwa na cheni. Kelele ilikuwa nayo, hilo sifichi. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima unaisikia inavyojituma.

Na injini hizi zina jambo lao ambalo kila mwenye nazo analijua: hula oili. Pistoni zake hazikutobolewa vitundu vya kurudishia oili nyuma ya ringi ya chini, kwa hiyo masizi hujaa pale, ringi hunata, oili hupita na kuungua. Moshi wenyewe mara nyingi hauonekani, ndiyo hatari yake. Asiyejua huendesha hadi injini inoke, kisha hulaani gari. Mzee alinifundisha kabla hata hajanipa funguo. Alinipeleka mbele ya boneti, akanionyesha kijiti, akasema hiki kitazame kila unapojaza mafuta, na oili ibadilishe kila maili 3,000 bila kusubiri. Alikuwa ameweka risiti zote kwenye bahasha, toka mwaka 1998. Nami nikafuata. Jumamosi asubuhi, gari limelala usiku mzima mahali tambarare, navuta kijiti, nafuta, narudisha, navuta. Oili ya Zohali katika miaka yangu ya mwanzo ilishuka kidogo sana, nami naamini ni ile bahasha ya risiti.

Ndani ya droo ya dashibodi, chini ya bahasha, nilikuta picha. Mwanamke wa makamo amesimama kando ya gari la kijani linalong'aa, funguo mkononi, na nyuma yake wafanyakazi wa dukani wamejipanga wanapiga makofi. Alikuwa mke wa mzee, aliyefariki mwaka mmoja kabla sijanunua. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya wauzaji wa Saturn: mtu akichukua gari jipya, waliopo huacha wanachofanya, hukusanyika, humpigia makofi na kumpiga picha. Na bei, kama mzee alivyosema, haikushushwa wala kupandishwa. Daktari na mfagiaji walilipa sawa. Mimi niliyekulia kwenye "mwisho bei gani?" nilidhani ningekosa utamu wa kubishana. Lakini mwanamke peke yake, mgeni, Kiingereza chake bado kinajikwaa, akiingia kwenye duka la magari, hajui bei ya mwisho ni ipi, na muuzaji anajua kwamba hajui. Kwa mtu huyo bei moja kwa wote ni heshima. Nilimrudishia mzee picha ile. Akaitazama kitambo, akanirudishia, akasema hiyo ni ya gari.

Mwaka 1991 kampuni iligundua kwamba magari yaliyojazwa kulanti mbovu, yaani maji ya kupozea injini, yalikuwa yameshafika kwa wateja. Badala ya kuyatengeneza, iliyabadilisha: magari 1,836, kila mtu na gari jipya. Wenye Saturn wa zamani hulisimulia jambo hilo kama watu wanavyosimulia wema wa jirani. Na Juni 1994 kampuni iliwaalika wenye magari yake wote waje Spring Hill kuona yalikozaliwa. Walikuja zaidi ya watu 40,000, wengine kutoka majimbo ya mbali, kwa Saturn zao, na mvua ikawanyeshea na hawakuondoka. Mzee alikuwa miongoni mwa waliowapokea. Anasema kuna familia ilimtafuta ikamwomba asaini kwa kalamu upande wa ndani wa mfuniko wa buti.

Niingize jambo dogo hapa, maana lilinifurahisha. Nikiwa naenda kwa mzee, kwenye njia za mashambani, niliona Saturn ya kubebea mizigo nyuma, dereva wake amekaa kulia kama magari ya kwetu, anatia barua kwenye masanduku ya posta. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Kumbe mwaka 1997 Saturn ilianza kuuza magari Japan, nchi ile ile inayotuletea gari nyingi za mitumba Dar es Salaam, na huko usukani ni wa kulia. Biashara ya Japan haikudumu, lakini wasambaza barua wa vijijini Marekani wakayapenda magari hayo, kwa sababu sanduku la barua liko upande wa kulia wa barabara. Nilipunguza mwendo nikampungia yule mama mkono, naye akanipungia kwa kuwa tulikuwa wenye Saturn.

Basi ilikufaje kitu kilichopendwa hivi?

Mwaka 1994, mwaka ule ule wa sherehe, Saturn iliuza magari zaidi ya 280,000 nchini Marekani, na haikuwahi kufika hapo tena. Ilikuwa na gari la aina moja tu, kwa maumbo matatu. Mtu aliyelinunua akiwa kijana alioa, akapata watoto, akarudi kwa muuzaji wake anayempenda kutaka gari kubwa zaidi, na muuzaji hakuwa nalo. Ndani ya GM yalikuwepo majina mengine, Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile, Buick, na kila jina lilikuwa na wakubwa wake waliotazama mabilioni ya Saturn kama sahani iliyonyang'anywa mbele yao. Fedha za gari la pili zilichelewa. Sedani kubwa zaidi ilipokuja mwaka 1999 ilikuwa ya Opel iliyorekebishwa, na haikuundwa Spring Hill bali Wilmington, Delaware. Gari dogo la mwanzo liliachwa likizeeka hadi 2002, wakati Wajapani walikuwa wamebadilisha yao mara kadhaa. Mkataba wa peke yake ukaisha pia. Mwishoni mwa 2003 wafanyakazi wa Spring Hill walipiga kura kurudi kwenye mkataba wa nchi nzima. Hapo mzee huwa ananyamaza. Mwaka 2006 GM ilipotoa fedha kwa wanaotaka kuondoka, aliondoka. Machi 2007 Saturn ya mwisho ya Spring Hill ikatoka.

Kinachoniuma ni kwamba walianza kuilisha mgonjwa akiwa ameshageukia ukutani. Gari la Saturn Aura lilitajwa gari bora la mwaka 2007 Amerika Kaskazini. Likapewa jina zuri na viti vizuri, na kwa muda mfupi wauzaji walikuwa na magari mapya kila kona ya duka. Halafu uchumi ukaanguka, na Juni 1, 2009 GM ikaomba kinga ya kufilisika. Siku chache baadaye mfanyabiashara Roger Penske alisema atainunua Saturn, maduka, jina na yote. Nakumbuka kiangazi kile. Mzee alikuwa amepata nuru usoni. Mpango ulikuwa kwamba GM iendelee kumuundia magari kwa muda, kisha apate muundaji mwingine. Septemba 30 mpango ukavunjika, kwa sababu bodi ya kampuni iliyotarajiwa kuunda magari hayo ilikataa. Jioni ile nilikuwa nimevaa sare nikijiandaa kwenda zamu, simu ikalia. Hakuwahi kunipigia kabla. Alisema "imekwisha," nami nikamwambia pole, kama tunavyompa pole mfiwa, kwa sababu sikuwa na neno la Kiingereza linalofanana nalo. Alilielewa.

Mwaka uliofuata maduka yakafungwa. Zohali alikuwa na maili 140,000.

Tangu hapo kulimiliki gari kukawa kazi ya kujitegemea. Mara moja gari lilianza kulia chini, mlio wa bati, na gereji moja ikaniambia gia boksi imekufa, niandae dola 1,400. Shemeji alijilaza chini ya gari dakika tano. Ilikuwa bati la kukinga joto la ekzosi lililoshika kutu kwenye boliti. Alilifunga kwa mkanda wa chuma wa kubania hozi, dola mbili, na halijalia tena.

Spea tulizitafuta kwenye uwanja wa magari yaliyokufa, ambapo unalipa kiingilio, unaingia na spana zako na kujifungulia. Tulikwenda Machi 2014, siku ya upepo, baada ya mtu kunigonga mbele kushoto kwa nguvu kiasi kwamba hata plastiki haikuvumilia. Fenda ilipasuka kuanzia taa hadi gurudumu. Saturn zilikuwa zimepangwa safu moja karibu na uzio, kumi na moja, nilizihesabu. Kwenye moja kulikuwa na mwanamume na kijana wake wanafungua kioo cha pembeni. Tulisalimiana. Akauliza yangu ya mwaka gani, nikamwambia, akasema yake ni ya 1997 na ina maili 230,000. Akauliza unatazama oili? Kila Jumamosi, nikasema. Akacheka kwa furaha, akamwambia kijana wake, "Umesikia?"

Yeye ndiye aliyetuonyesha fenda nzima, kwenye gari la fedha safu ya nyuma. Shemeji alilegeza boliti moja moja akizitia mfukoni, mimi nikiwa nimeishika fenda isipeperuke, nyepesi kama ungo. Tuliifunga palepale kwenye maegesho. Mashimo yote yalikaa sawa, kila boliti ikaingia bila kulazimishwa. Shemeji alitaka tuipige rangi. Nilikataa, na Zohali akarudi nyumbani wa kijani, bega moja la fedha.